Bukavu: Kugeuza delko kwa sikio si kutengeneza gari

BUKAVU. – Gari imepoteza nguvu. Jana ilikuwa inapanda Kadutu na watu watano ndani kwa vitesi ya pili. Leo inadai ya kwanza, na bado inatetemeka. Dereva anaifikisha garaji. Fundi anafungua kapo, analegeza skuru za delko kwa ufunguo wa 12, anaigeuza kidogo huku kichwa kimeinama, anasikiliza, anakaza. « Papa, tayari, jaribu. » Dakika tano zimepita. Moteri inanguruma vizuri, dereva anatoa pesa, anarudi kutafuta abiria. Baada ya wiki mbili anarudi tena: maji yanachemka, mafuta yanaisha haraka kuliko zamani, na kilima kimemshinda. Sasa anaambiwa anunue buji. Kisha bobini. Kisha pompi ya mafuta. Mwishoni anaambiwa neno ambalo madereva wote wa mji huu wanalijua: « Papa, moteri imechoka. »

Mara nyingi moteri hiyo haijachoka. Imepotezwa majira. Na mtu aliyeipoteza, au aliyeona imepotea akaficha, ni yule yule aliyelipwa ili aiponye. Desturi hii ya kupanga moto wa moteri kwa sikio, bila lampu, bila kufungua kava, bila kutazama alama hata moja, imekuwa kawaida katika garaji nyingi za Bukavu. Ni wakati iitwe kwa jina lake: si ufundi, ni kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Watu wawili na kinu kimoja

Ili mkaaji wa kawaida aelewe anachouziwa, inafaa kwanza kujua kazi yenyewe. Kila mtu amewahi kuona wamama wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja. Mmoja anainua mchi, mwingine anateremsha. Hakuna anayehesabu kwa sauti, lakini kila mmoja anajua zamu yake. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana au sombe halisagiki.

Ndani ya moteri ni vile vile. Chini kuna vilbreke, inayopandisha na kuteremsha pistoni. Juu kuna arbakame, inayofungua na kufunga supapi ili hewa na mafuta viingie, na moshi utoke. Vilbreke inazunguka mara mbili, arbakame mara moja. Ndiyo sababu puli ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Kinachoziunganisha ni kuruwa ya meno, au shaini kwa magari mengine. Halafu kuna mtu wa tatu kwenye kinu hicho: moto wa buji. Huo unapaswa kuruka kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, kwa sababu mafuta hayawaki yote mara moja. Yanahitaji muda kidogo ili msukumo ufike pistoni inapoanza kushuka. Kule kutangulia ndiko mafundi wanaita avansi.

Katika Toyota Corolla na Carina za miaka ya 1990, ambazo bado zinabeba watu wengi katika mji huu, moteri 4A-FE na 7A-FE zenye delko zinapangwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, moteri ikiwa ya moto na kwa ralanti. Si 10 kwa kukadiria. Ni 10 kwa kuona.

Uongo unaanzia hapa

Sasa msomaji ashike jambo moja, kwa sababu ndilo linalozaa hasara yote. Katika moteri hizo delko inazungushwa na arbakame. Maana yake, kuruwa ikiruka jino moja, vitu viwili vinaharibika kwa mara moja: supapi zinafunguka kwa wakati usio wao, na moto wa buji nao unasogea. Kwa puli ya juu yenye meno 40, kwa mfano, jino moja ni digrii 9 za arbakame, ni kusema digrii 18 za vilbreke. Hilo si kosa dogo. Ni karibu mara mbili ya avansi yote inayotakiwa.

Fundi anayegeuza delko anarudisha moto mahali pake. Moteri inawaka, ralanti inatulia, dereva anafurahi. Lakini supapi zimebaki zimepotea. Amemnyoosha mtwangaji mmoja na kumwacha mwingine akipiga pembeni ya kinu. Kuanzia siku hiyo gari haina nguvu chini, inakunywa mafuta, inapata moto kupita kiasi, na hakuna buji wala bobini itakayoiponya, hata ikinunuliwa ile ya bei ya juu kabisa.

Kinachouma zaidi ni kwamba gari yenyewe inasema ukweli mbele ya macho ya fundi. Delko imefungwa kwenye matundu marefu ili iweze kusogezwa kidogo huku na huku. Kama imesogezwa hadi mwisho wa matundu hayo na bado haitoshi, hapo hakuna tena cha kujadili: ama kuruwa imeruka, ama delko iliingizwa vibaya. Fundi mwenye macho anasimama hapo na kufungua kava. Fundi wa kubahatisha anachukua kifaili na kurefusha tundu. Kifaili hicho ni ushahidi. Mtu hawezi kusema hakujua wakati ameona mpaka akauvuka kwa chuma.

Sikio linasikia nini?

Watetezi wa desturi hii wana neno moja wanalorudia: fundi mzee hahitaji mashini, sikio lake linatosha. Heshima kwa wazee ipo, na wapo kati yao walioshika moteri wakati vijana wa leo hawajazaliwa. Lakini hesabu haina umri. Moteri ikiwa kwa ralanti ya mizunguko 800 kwa dakika, digrii 10 zinapita kwa muda wa sekunde 2 zikigawanywa kwa 1000. Hakuna sikio la binadamu linalopima hapo, liwe la mzee au la kijana.

Sikio linasikia kitu kingine, na hicho ndicho kinachodanganya. Avansi ikiongezwa wakati gari imesimama, moteri inazunguka haraka zaidi na sauti inakuwa laini. Sikio linapenda sauti hiyo. Kwa hiyo fundi anayefuata sikio anaongeza, na anaongeza tena, mpaka pale moteri inapoimba vizuri zaidi. Pale panapoimba vizuri garajini, bila mzigo, sipo panapofaa barabarani na watu watano ndani. Gari ikianza kupanda, moto uliotangulia mno unakutana na pistoni ambayo bado inapanda. Inasikika kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Hiyo ni kugonga. Kugonga kukiendelea, kunatoboa pistoni, kunapasua seguma, kunachoma joani ya kulasi.

Na akichelewesha moto kupita kiasi, hasara ni ya upande mwingine: mafuta yanaendelea kuwaka wakati supapi ya moshi imekwisha kufunguka, bomba la moshi linakuwa jekundu, maji yanachemka, nguvu inapotea. Dereva anaambiwa radiateri imeziba. Anaifumua radiateri, anaosha, anarudisha. Kesho maji yanachemka tena.

Bukavu si Uvira

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kwetu wenyewe, haimo katika vitabu vilivyoandikwa Japani. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mji iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi. Ndani ya silinda inaingia hewa kidogo, msukumo unakuwa mdogo, na kwa hiyo moteri inavumilia avansi nyingi bila kugonga. Fundi wa sikio anaongeza digrii tano, sita, na gari haisemi kitu. Anajiona bingwa.

Halafu gari hiyo inapata safari ya Uvira. Inashuka Ngomo, inafika Kamanyola, inaingia bonde la Ruzizi. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, ambalo liko mita zipatazo 770. Ni tofauti ya mita karibu 700. Hewa ni nzito, joto ni kali, mzigo ni uleule. Kosa ambalo Bukavu lililinyamazisha, bonde linaliamsha. Moteri inaanza kugonga katikati ya tambarare, na dereva anafikiri ni mafuta. Wangapi wamerudi Bukavu wakivutwa kwa kamba, wakilaumu barabara ya Uvira kwa ugonjwa walioubeba kutoka garaji ya mtaa wao?

Mafuta nayo yana lawama yake, hilo halikataliki. Petroli inayouzwa kwenye bido za wakadhafi inaweza kuchanganywa na mafuta ya taa, na mchanganyiko huo unagonga haraka. Fundi anaweza kuwa na sababu ya kupunguza avansi kidogo kwa gari inayokunywa mafuta hayo. Lakini apunguze kwa lampu, ajue amepunguza digrii ngapi, na amwambie mwenye gari. Kupunguza kwa makusudi ni ufundi. Kupunguza bila kujua umefika wapi ni giza.

Kazi ya nusu saa

Kinachochekesha, kama si cha kusikitisha, ni kwamba njia ya kweli si ndefu wala si ya siri. Mkaaji yeyote aisome, kisha asimame karibu na fundi na kutazama kama inafuatwa.

Kwanza ni kupima moto. Moteri iachwe ipate moto wake wa kawaida, taa na vitu vingine vinavyokula umeme vizimwe. Lampu ya stroboskopu inaunganishwa na batri, na kibanio chake kinashika waya wa buji ya silinda ya kwanza. Kila moto unaporuka, lampu inamulika, na alama iliyo kwenye puli ya chini inaonekana kama imesimama. Inasomwa kwenye namba zilizo kwenye kava. Kwa moteri 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE zenye delko, kuna sharti moja ambalo wengi wanalisahau: waya mfupi lazima uunganishe TE1 na E1 ndani ya kisanduku kidogo kilichoandikwa « diagnostic ». Bila waya huo kompyuta inaendelea kusogeza moto kadiri inavyotaka, na anayesoma anasoma uongo. Kwa moteri za zamani za karbirateri, mpira wa vakyumu wa delko unatolewa na kuzibwa kabla ya kusoma.

Pili ni kupima arbakame, na hapa ndipo wavivu wanapokimbilia. Moteri inazimwa. Kava ya juu ya kuruwa inatolewa. Vilbreke inazungushwa kwa ufunguo, kwa mkono, upande inaozungukia siku zote, mpaka alama ya puli ya chini ifike 0. Sasa tazama juu: tundu dogo la puli ya arbakame linapaswa kulingana na alama iliyo kwenye kofia ya bereli ya kwanza. Likiwa upande wa chini, si kosa. Vilbreke izungushwe mara moja zaidi. Likiwa limepita au limebaki nyuma kwa jino, jibu limepatikana. Hakuna cha kununua buji tena.

Tatu ni kuhakikisha alama yenyewe haidanganyi. Puli nyingi za chini zina mpira katikati ya chuma cha ndani na cha nje. Mpira ukizeeka, chuma cha nje kinateleza na kubeba alama pamoja nacho. Kwa hiyo buji ya kwanza inatolewa, kijiti kirefu kisichoweza kukatika kinaingizwa taratibu, na fundi anahisi pistoni inapofika juu kabisa. Kama pistoni iko juu na alama haiko 0, puli ndiyo mwongo.

Nne, kwa garaji yenye manometa, ni kupima kompresio. Silinda moja ikiwa chini peke yake, tafuta supapi au seguma. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kimoja, tafuta kuruwa iliyoruka kabla ya kumhukumu mwenye gari anunue moteri nyingine. Vivyo hivyo kwa saa ya vakyumu: vitabu vinasema moteri nzima inaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kwa ralanti. Hiyo ni karibu na bahari. Inapunguzwa inchi moja hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Bukavu, inchi 12 hadi 16 ni afya. Fundi asiyejua hilo anaweza kufumua moteri nzima isiyo na ugonjwa.

Kurekebisha nako kuna adabu yake. Kuruwa iliyoruka jino hairudishwi tu mahali pake na kufungiwa kava. Haikuruka kwa kupenda. Ama kikaza chake kimelegea, ama joani-spi ya arbakame inavuja na mafuta yameloanisha mpira, ama kuruwa imezeeka. Kwa kawaida inabadilishwa kila kilomita zipatazo 100 000, na magari yanayofika hapa kupitia Mombasa au Dar es Salaam yanafika na kilomita ambazo hakuna anayeziamini. Asiyejua historia ya kuruwa yake aihesabu kuwa imekwisha. Baada ya kufunga mpya, vilbreke izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zitazamwe tena. Ndipo delko ipangwe kwa lampu. Arbakame kwanza, moto baadaye. Anayeanza na delko ameanza kujenga nyumba kwa mabati.

Bahati iliyofundisha vibaya

Kuna sababu kwa nini desturi hii imedumu. Moteri 4A-FE na 7A-FE zilijengwa kwa huruma: kuruwa ikikatika, supapi hazigongani na pistoni. Gari inazimika, inavutwa, inawekewa kuruwa nyingine, inaendelea. Kizazi kizima cha mafundi kimejifunza juu ya moteri inayosamehe, na kimefikiri kwamba moteri zote zinasamehe.

Hazisamehe. Kwenye HiAce za dizeli zenye moteri 2L na 3L, kuruwa ikikatika supapi zinapigwa na pistoni, na kulasi inafunguliwa. Toyota waliweka hata taa kwenye dashibodi, iliyoandikwa T-BELT, ili kumkumbusha dereva. Ni HiAce ngapi katika mji huu ambazo taa hiyo ilitolewa balbu ili isisumbue?

Wala gari mpya zaidi si kimbilio. Moteri 1NZ na 1ZZ zinatumia shaini, hazina delko, na kompyuta ndiyo inayopanga moto. Wengine wanasema basi shida imekwisha. Shida imebadilisha nguo tu. Shaini inalegea kwa mafuta machafu. Mtambo wa VVT-i unaosogeza arbakame unaishi kwa mafuta hayo hayo ya moteri. Yakiwa mazito kama uji au yakiwa na takataka, kichujio chake kidogo kinaziba na arbakame inabaki mahali pasipofaa. Kompyuta inaandika kosa P1349, au P0016 wakati vilbreke na arbakame hazilingani. Na fundi wa siku hizi anafanya nini? Anachomeka skana, anafuta kosa, taa inazimika, analipwa. Ni delko ile ile ya sikio, sasa ina kioo na vitufe. Kufuta kosa bila kutafuta sababu ni sawa na kumzibia mgonjwa mdomo ili asiseme anaumwa. Na moteri 1NZ haina huruma ya 4A: shaini ikiruka vya kutosha, supapi zinapinda.

Visingizio

Mafundi wanasema lampu ni ghali. Lampu moja ya stroboskopu inaweza kuhudumia garaji kumi za mtaa mmoja. Watu wa Bukavu wamejenga nyumba, wamelipa masomo ya watoto, wamefungua maduka kwa likelemba. Mafundi kumi wakishindwa kuchanga kwa likelemba kununua lampu moja, tatizo si pesa.

Wanasema pia kwamba wenye magari hawataki kulipa kazi ya kufungua kava, wanataka dakika tano. Hapo wana haki nusu. Mwenye gari anayengoja versema yake kila jioni, anayemwambia dereva « itatembea tu », naye ni mshiriki wa kosa hili. Anaona kuruwa mpya ni hasara, lakini anakubali kulipa bobini, pompi, radiateri na mwishoni moteri ya okazio, moja baada ya nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva ndiye anayebaki katikati: jioni versema haijatimia, na anaambiwa hajui kuendesha.

Na abiria? Yeye hana sauti, lakini mwili wake ndio ulio ndani. Gari inayozimika katikati ya mlima ni gari inayorudi nyuma, na breki zake zinapoteza msaada mara moteri inapokufa. Ni mtoto wa shule anayeshuka kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu. Ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku, katika teksi inayokataa kuwaka kwa sababu ilikuwa ya moto mno na avansi yake iligeuzwa kwa sikio mchana wa siku hiyo. Nani atamtafuta fundi kumuuliza?

Kinachodaiwa

Madai si makubwa. Mwenye gari au dereva asilipe kazi ya moto wa moteri kama hakuonyeshwa alama kwa lampu, kwa macho yake mwenyewe. Haki hiyo haihitaji sheria mpya, inahitaji mtu asimame karibu na kapo na kusema: « Fundi, nionyeshe. » Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi kupata mtu wa kumwonyesha kazi yake.

Kuruwa ikibadilishwa, tarehe na kilomita ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kapo. Fundi anayefuata asianze gizani.

Wakubwa wa garaji waache kuwafundisha vijana kwa neno « sikiliza » peke yake. Kijana anayefagia garaji miaka mitatu bila kuwahi kushika lampu atatoka pale na sikio la bosi wake na makosa ya bosi wake. Shule za ufundi nazo zisiishie kuchora moteri ubaoni. Mwanafunzi apewe kuruwa, aikosee jino kwa makusudi, aone moteri inavyougua, kisha airudishe. Somo hilo la asubuhi moja halisahauliki.

Na wale wanaotoza pesa za kontrol tekniki wakumbuke maana ya maneno hayo mawili. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari ambayo kapo yake haikufunguliwa haijakontrolewa. Imelipishwa.

Wapo mafundi wazuri Bukavu, na madereva wanawajua. Ndio wale ambao gari haikai sana kwao na hairudi haraka. Hao hawaogopi lampu, kwa sababu lampu inawatetea. Wanaoiogopa ni wale ambao alama ya puli, ikimulikwa, itawashtaki. Basi imulikwe.